Placide Musafiri, Aliyepita Bila Kusalimia

Mheshimiwa padri, masista wa hospitali, chefu wa mtaa wetu, wazee wa msikiti mliovuka barabara ili kukaa nasi juu ya mikeka hii, majirani na jamaa wote, familia imenituma mimi, Emilienne, binti wa Sidonie, nisome mbele yenu maisha ya babu yangu, na mjomba Raphaël alipouliza kwa nini asisome mwanamume, bibi Albertine alimjibu kwamba mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake hata siku ya kaburi, na kwamba marehemu mwenyewe angesinzia kama angesikia sifa tupu. Kusinzia hakukuwa kazi ngumu kwake, kama mnavyojua, aliweza kusinzia akiwa amesimama na randa mkononi, basi mnivumilie nikisoma polepole, maana karatasi hizi niliziandika nikilia.

Placide Musafiri alizaliwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mtoto wa tatu wa mvuvi, akaitwa Musafiri kwa sababu alikuja baba yake akiwa safarini, siku yenyewe haijulikani, misheni iliandika tarehe 1 Januari 1895 kama ilivyowaandikia watoto wote ambao mama zao walijibu tu kwamba kulikuwa na mvua. Alikuwa akituambia kwamba kumbukumbu yake ya kwanza ni ukungu, ukungu mweupe juu ya mto wote, yeye akiwa mgongoni mwa mama ndani ya mtumbwi, asione ufuko wa nyuma wala wa mbele, asimwone hata mpiga kasia, akisikia maji tu na pumzi za mama, na kwa miaka mingi aliamini kwamba hivyo ndivyo watu wote wanavyoletwa duniani. Sina hakika kama aliwahi kutoka kabisa ndani ya ukungu ule, bibi anasema hakutoka.

Mwezi wa pili wa mwaka 1906 aliletwa hapa Kasongo kwa shangazi yake, akaingia shule ya misheni, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1908, na katika shule hiyo alijifunza kusoma, kuimba, na kuandika kwa mwandiko mzuri sana ambao baadaye ungetuletea balaa, lakini hesabu zilimshinda, mwalimu alimkuta kila mara anatazama dirishani mdomo wazi, na alipoulizwa anatazama nini alisema anatazama majani yanavyoinama. Mwaka 1909 waliona afadhali wampeleke karakana ya useremala, naye akakaa hapo hadi alipopumzishwa kazi tarehe 31 Desemba 1955, viti mnavyokalia leo vingi ni vya mkono wake, vingine vinayumba, msishangae.

Mwezi wa tano wa 1916 alichukuliwa pamoja na vijana wengi wa Maniema kubeba mizigo ya askari waliokwenda vita ya Tabora, na kwa kuwa alikuwa na mwendo mtulivu walimhamishia kwenye machela, kubeba majeruhi, kazi ambayo hakupenda kuisimulia. Aliachiliwa mwezi wa kumi na mbili 1917, akavuka ziwa Tanganyika, akashika njia ya Kabambare kwa miguu, homa ikampata njiani, na alipoipita Kabambare kidogo miguu ilikataa, akalala kando ya njia ndani ya majani marefu, akaanza kuwaaga watu wake mmoja mmoja kichwani. Hapa linaanza jambo ambalo ninyi nyote mlilisikia kwake si chini ya mara ishirini, naomba mlisikie mara moja zaidi.

Watu wa kijiji cha karibu walimkuta, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba hadi mpaka wa kijiji chao, wakamlaza chini kivulini, wakaita kwa sauti ndefu, na watu wa kijiji kinachofuata wakaja wakampokea, wakambeba hadi mpaka wao, wakaita tena, hivyo hivyo siku sita, kupitia vijiji vya upande wa Wamaza, mchana wakitembea na jioni wakimlaza kwenye veranda ya mtu na kumlisha uji wa mihogo. Yeye alikuwa chali, hakuona nyuso zao, aliona videvu tu, na juu ya videvu matawi yakipita, na juu ya matawi mawingu, na machela ikimbembeleza huku na huku, wakati mwingine alidhani yumo bado mgongoni mwa mama juu ya mto, wakati mwingine alidhani ameshakufa na kwamba kufa si kubaya hata kidogo. Alifika Kasongo tarehe 23 Januari 1918, akiwa hai, na hakuna hata mmoja katika wale wote aliyemuuliza jina lake, wala yeye hakujua jina la hata mmoja, na jambo hilo la majina lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Tarehe 7 Juni 1919 alifunga ndoa na Albertine, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu aliwapa watoto wawili, Sidonie mama yangu, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1920, na Raphaël, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1923. Bibi amenituma niseme kwamba marehemu alikuwa mume mwema, mpole, msahaulifu, na kwamba mara tatu alitumwa sokoni kununua chumvi akarudi na ua.

Mwaka 1928 nyumba yao ilikuwa hapa hapa ilipo, upande huu Wakristo, ng'ambo ya barabara Waislamu, na jirani yake wa karibu kuliko wote alikuwa fundi cherehani Yakubu, ambaye leo amekaa pale karibu na mlango, mzee wetu, shikamoo. Hospitali ilikuwa mbali na mtaa, wagonjwa walikokotwa au walibaki ndani wakingojea, na Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya misa, babu alimwambia Yakubu kwamba ameota machela inapita juu ya majani marefu, ina mgonjwa ndani, na chini ya miti yake hakuna mtu, Yakubu akamjibu kwamba ndoto ya namna hiyo ni rahisi kuiponya, waweke watu chini ya miti. Ndivyo kazi ilivyoanza, babu alichonga miti miwili ya mvule, Yakubu alishona turubai, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa watu kumi na wanne, nusu wa msikiti, nusu wa misheni, wakapanga wenyewe kwamba Ijumaa adhuhuri Wakristo ndio wabebe na Jumapili asubuhi Waislamu ndio wabebe, ili Mungu asikose mtu wa kumwomba.

Wale ambao mabega yao yalikuwa dhaifu walipata la kufanya, mmoja alitangulia kufyeka njia, mmoja alibaki kuwapikia watoto wa mgonjwa, Mama Amisa, mke wa Yakubu, alichota maji ya nyumba yoyote ambayo mwenyewe yuko kitandani, na hakuna aliyelipwa wala aliyelazimishwa, jambo ambalo wakati ule watu walilishangaa, kwa sababu kazi yote ya pamoja tuliyoijua ilikuwa kazi ya serikali, kazi ya Leta, barabara, pamba, na kubeba wazungu katika kipoyi, kile kiti cha mabegani, na kila aliyeikwepa alijua njia ya kufungwa boloko. Babu alisema kwamba wakati wa kubeba mgonjwa mtu husahau kwamba ana miguu yake mwenyewe, wanane wanakuwa mwendo mmoja, anasinzia akitembea, na akiamka amefika.

Sasa nafika mahali ambapo bibi aliniomba niparuke, na baadaye akaniomba nisiparuke.

Tarehe 11 Aprili 1932 alikuja karani wa Leta, ambaye alishahamishwa zamani, na chefu wetu wa leo hakuwa chefu wakati huo, akakaa kwenye kiti cha babu, akaisifu kazi, akasema, "Munipatie majina, yatafika kwa wakubwa, watawatumia asante." Ndugu zangu, babu alifurahi, lazima tuseme ukweli, alifikiri juu ya wale watu wa njia ya Kabambare ambao hakuna anayejua majina yao, akaona heri hawa wa kwetu wajulikane, akachukua kalamu mwenyewe, akayaandika majina yote kumi na manne kwa mwandiko ule mzuri wa misheni, la kwanza lake, la pili Yakubu, na hakumuuliza mtu hata mmoja kama anakubali.

Mwezi wa nane mwaka huohuo majina yale yalisomwa barazani, kumi na manne, kwa mpangilio uleule, kwamba hawa wameonekana ni wabebaji hodari, basi watabeba kipoyi na masanduku ya agenti mmoja wa Leta aliyekuwa akizunguka hadi Kabambare na mbele zaidi upande wa Salamabila, majuma matano. Babu alilia mbele ya watu, alisema kosa ni lake wamchukue yeye peke yake, wakamwambia jina lake limo, asiwe na wasiwasi, na wakaondoka wote.

Siku ya kumi na nane ya safari hiyo Mama Amisa aliugua tumbo, hapa, na mtaani hakukuwa na bega hata moja lililozoea machela, ndipo bibi Albertine akasema, "Mimi pia niko na mabega," akatoa miti nje, akaita wanawake watano, wakambeba, wakapumzika, wakambeba, hawakujua kubadilishana, hawakujua kupumua pamoja, na walipofika kwenye kijito chini ya misheni, Mama Amisa aliomba wamlaze chini atazame juu kidogo, akafa hapo, tarehe 2 Septemba 1932. Mungu amrehemu.

Yakubu alirudi na ngozi ya bega imechunika, akakuta kaburi, akaenda kwa babu, akasimama uani, akasema maneno machache ambayo bibi aliyasikia kutoka jikoni, "Placide, mabega yangu nilikupatia weye. Sikupatia Leta." Kisha akaenda zake, na tangu siku hiyo hakumsemesha, mlango ukitazamana na mlango, miaka sita.

Wengine nao hawakuja tena, nani angewalaumu, na kama babu alimwendea mtu kumwomba msaada alijibiwa, "Iko nani anaandika leo?", watu wakacheka, naye akarudi nyumbani. Aibu ilimfunga mdomo asiombe, lakini wagonjwa hawakuacha kuugua, basi alikuwa akisikia kuna mgonjwa, anakunja machela, anaiweka kichwani, anapita barabara yote ya mtaa macho chini bila kumsalimia mtu, kwa sababu kumsalimia mtu kungekuwa kama kumwomba, na bibi anatoka nyuma yake, mume mbele, mke nyuma, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Kasongo, na watoto waliwaimbia. Aliyekuwa mzito walimbeba hatua thelathini na kupumzika, hatua thelathini na kupumzika, mara moja ilibidi wamfunge mgonjwa mgongoni mwa babu, na Raphaël, aliyekuwa na miaka kumi, akashika miguu isiburute. Miaka yote hiyo, kila alipoupita mlango wa Yakubu, babu aliisikia cherehani ikinyamaza, na alipokwisha kupita akaisikia ikianza tena.

Tarehe 19 Oktoba 1938, saa tisa za mchana, aliyekuwa ndani ya machela ni mama yangu Sidonie, na ndani ya mama yangu nilikuwa mimi, nimekaa vibaya, na mama alikuwa ameshaacha kupiga kelele, jambo ambalo sisi tunaofanya kazi materniti, kuzalisha, tunaliogopa kuliko kelele. Babu mbele, bibi nyuma, wakaupita mlango wa Yakubu, cherehani ikanyamaza, ikabaki kimya, na babu alituambia kwamba aliona kwanza kivuli pembeni, akadhani ni usingizi wake wa kawaida unamjia akitembea, kisha uzito ukapungua, akajua mti wa kushoto umepata mtu. Hakugeuka, aliogopa kwamba akigeuka mtu huyo hatakuwepo. Walitembea hivyo hadi kijitoni, wakavuka, na mahali ambapo Mama Amisa alilazwa hawakusimama, wakapanda upande wa pili, na hapo tu ndipo Yakubu aliposema maneno yake ya kwanza baada ya miaka sita, "Geuza bega. Unamutikisa mutoto." Babu aligeuza bega, na walipofika hospitalini wengine watatu walikuwa nyuma yao.

Hivyo mimi nilizaliwa saa kumi na mbili jioni, na babu akaniita muke wake mudogo, akanichongea kitanda ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Tangu siku hiyo watu walirudi, lakini sheria zilibadilika, na hakuna aliyezitunga barazani, zilijitokeza zenyewe, kwamba hakuna karatasi, hakuna mkubwa, na hakuna anayeitwa kwa jina, Placide atapita na machela kichwani bila kusalimia, anayeweza atamfuata, asiyeweza ataendelea na kazi yake, na kesho hakuna atakayemuuliza. Agenti mwingine alipokuja mwaka 1944 akauliza mkuu wa wabebaji hawa ni nani, mtaa mzima ulimjibu kwamba haujui, hata wale waliokuwa na alama ya mti begani mchana huohuo, naye babu alipoulizwa alijibu kwamba yeye hutengeneza viti. Wageni waliofika Kasongo na kukutana naye barabarani walimwona mtu asiye na adabu, anayepita kama anaota, ilibidi tuwaeleze kwamba Placide akikusalimia ujue mtaa mzima ni mzima, na wazee wengi hapa wanaweza kushuhudia kwamba hakuna salamu waliyoifurahia kuliko yake.

Tarehe 20 Januari mwaka huu, 1958, alinyeshewa akitoka kubeba, akiwa na miaka sitini na mitatu, mkaidi, tulimwambia na hakusikia, homa ikaingia kifuani, akalazwa hospitalini tarehe 3 Februari, akapata nafuu, akarudishwa tena tarehe 6 Machi. Katika siku za mwisho alisema nasi kidogo, kwa sauti ya mtu aliye mbali, aliniuliza kama ukungu umeondoka, nikasema umeondoka, akasema hapana, uache, ni mzuri, na siku ya Alhamisi alimwambia Yakubu jambo ambalo alikuwa akilibeba tangu 1932, kwamba kila akilala anaandika majina yale, anafika la pili, na anajaribu kuzuia mkono, na mkono haumsikii. Yakubu aliushika mkono wenyewe, akamwambia, "Ulale sasa huo mukono. Mimi nilikwisha kuja mwenyewe." Babu alifunga macho, akafariki Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, saa kumi alfajiri, mkono wake wa kulia umo ndani ya mikono ya Yakubu.

Familia inamshukuru daktari, masista na wauguzi wenzangu waliomtunza bila kuchoka, inawashukuru mapadri, inawashukuru maseremala wa karakana waliochonga jeneza hili jana mchana kutwa, imara, haliyumbi, inawashukuru wazee wa msikiti walioleta mikeka na kuni, na majirani waliochimba kaburi tangu asubuhi bila mtu kuwatuma.

Nilikuwa nimeandika mwisho mwingine hapa, wa Kilatini kidogo, lakini wakati mlipokuwa mkikaa chini nilipokea habari ambayo nimemwonyesha padri na bibi. Ng'ambo ya kijito cha misheni, kwenye shamba la mume wake, yuko Faida, mimba yake ya kwanza, ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na gari la hospitali limekwama kwa sababu mvua imechukua daraja la magogo. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu, na wanane waliojiandaa kumbeba babu ndio wenye mabega bora mtaani, wamebaki na nguvu za safari moja ya haraka, si mbili. Padri amekubali kuchelewesha maziko, kaburi halikimbii. Bibi Albertine amesema neno moja tu, kwamba mume wake ana nafasi ya kungoja.

Sitamtaja mtu, mimi natangulia na sanduku langu la dawa, naanza kutembea sasa hivi, na hapa ndipo karatasi inapoishia.

Babu, mume wangu mkubwa, pumzika kwa amani hapo ulipo, uko kivulini, bibi yuko nawe, tunakwenda kwa Faida kwanza.